Ghala Linalovuja Halina Dawa

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda katika soko moja la nafaka hapa Dar es Salaam kununua mahindi ya kusaga. Sisi wa mjini tumezoea unga wa pakiti, lakini mama watoto alitaka dona, na dona ya kuaminika ni ile ambayo mahindi yake umeyaona kwa macho yako. Mwenye duka akanikaribisha, akafungua gunia la kwanza. Nikatia mkono. Mkono ukatoka mweupe kama wa mpika maandazi. Punje zilikuwa na matundu, nyingine zimebaki maganda matupu, na chini ya gunia kulikuwa na unga ambao hakuna mashine iliyousaga.

"Dumuzi hao, kaka," mwenye duka akaniambia bila haya. "Na dawa tuliweka. Tena tuliweka mara mbili."

Tuliweka mara mbili. Ndugu msomaji, maneno hayo matatu niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa miaka 10, na tangu siku hiyo sijaacha kuyafikiria. Yamesemwa katika maghala ya Tabora, ya Bangladesh na ya Australia. Kila yaliposemwa, wadudu walikuwa bado hai. Leo nataka tuitazame historia ya jambo hili, kwa sababu ndani yake kuna somo la hesabu ambalo limetugharimu magunia mengi, na ambalo litatugharimu zaidi tusipolielewa.

Nianze na dumuzi mwenyewe. Nyumbani kwa mama yangu ni Urambo, mkoani Tabora. Ni katika mkoa huo, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiko mdudu huyu alikotambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Inaaminika kwamba alifika kwetu amejificha ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Wazee wa Urambo walikuwa wanamjua fukusi, yule mdudu mwenye pua ndefu, na walikuwa wamezoea kuishi naye. Fukusi alikuwa mdokozi. Anachukua kidogo, nawe unabaki na chakula. Mgeni huyu alikuwa jambazi. Watafiti waliopima mahindi katika maghala ya wakulima wa Tabora walikuta kwamba katika miezi 3 hadi 6 tu, uzito uliopotea ulifika mpaka asilimia 34. Kwa maneno mengine, katika kila magunia matatu, moja limeliwa.

Wananchi, ambao hawakosi jina, wengine walimwita Skania, kama lile lori kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwisha kuvuka mpaka na kuingia Taveta, nchini Kenya, ambako miaka ya baadaye watu walimpa jina la Osama. Mwaka 1984 akaonekana Togo, upande wa pili wa bara. Safari yake yote hiyo alisafiri kama abiria wa heshima, ndani ya magunia yetu wenyewe.

Bibi yangu alihifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, yamening'inizwa juu ya moshi wa jiko. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Na si huko kwetu tu. Wanaosoma kitabu cha Mwanzo wanaikumbuka akiba ya Yusuf kule Misri, na wanaosoma Sura ya Yusuf wanakumbuka kwamba ushauri wake ulikuwa kuiacha nafaka katika mashuke yake. Kwa ngano ya Misri ushauri huo ulifaa. Lakini dumuzi anapenda punje iliyoshikwa imara, kwa sababu humpa mahali pa kujiegemeza anapotoboa. Gunzi kwake ni kiti. Mabwana shamba wakaja na maagizo mapya: pukuchueni, kausheni, changanyeni na dawa ya unga yenye viuatilifu viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Bibi alikataa kwa misimu miwili. Msimu wa tatu akapukuchua.

Hiyo ilikuwa dawa ya mkulima. Nafaka ya maghala makubwa, ile inayolisha miji, haikuchanganywa na unga wa dawa. Hiyo ilifukizwa kwa gesi. Na hapo ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtunza ghala katika mji mmoja wa kanda ya magharibi. Ghala lilikuwa la bati, na upande wa jua linapotua mabati yalikuwa yameachia misumari. Likizo nilikuwa namtembelea. Nakumbuka siku moja ya mwaka 1990 niliwaona wakipanga vidonge vya kijivu kwenye visahani, wakavisukuma chini ya magunia, kisha wakafunika lundo zima kwa turubai. Pembeni turubai hukandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga. Mifuko haikutosha, wakaweka mawe na matofali. Palipopasuka hapakuzibwa. Jioni upepo ukivuma turubai lilikuwa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Siku ya tatu malori yakafika. Mkubwa wa kazi akaamuru turubai liondolewe, maana mahindi yalikuwa yanasubiriwa mjini. Baada ya miezi miwili wadudu walikuwa wamejaa tena. Safari hii amri ikawa: wekeni mara mbili. Wakaweka mara mbili, siku tatu, malori, na wadudu wakarudi tena.

Mjomba alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Humo aliandika tarehe, idadi ya vidonge, siku za kufunika, na siku aliyomwona mdudu wa kwanza baada ya hapo. Jioni moja alinionyesha. "Mjomba," aliniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "hebu tazama. Vidonge vinaongezeka, wadudu hawapungui. Sisi hatuwaui hawa. Tunawafundisha."

Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari lake ninalo. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba sentensi yake ile ndiyo iliyokuwa ikiandikwa na wataalamu wa dunia nzima.

Hebu turudi nyuma. Kabla ya gesi, binadamu alikuwa na silaha moja dhidi ya wadudu wa nafaka: kufunga. Visiwani Malta, katika karne ya 17, watawala wa wakati ule walichimba mashimo ardhini, wakayajaza ngano na kuyaziba kwa mawe ya duara. Hakuna dawa iliyowekwa. Mdudu ni kiumbe anayepumua kama wewe na mimi. Ukimfungia ndani ya nafaka, anatumia oksijeni iliyomo, anatoa hewa ya ukaa, na mwisho anajinyonga kwa pumzi yake mwenyewe.

Elimu hii ilisahauliwa na ikakumbukwa tena wakati wa shida. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Australia ilikuwa na marundo makubwa ya ngano iliyokuwa ikingoja meli, na meli hazikuwepo. Mwaka 1917 panya walivamia kwa wingi usiosemeka, na fukusi wakafanya yao. Kule London, Royal Society ikaunda kamati ya wadudu wa nafaka. Wataalamu wake, akiwemo Profesa Arthur Dendy, wakachunguza jinsi fukusi wanavyokufa wakifungiwa mahali pasipoingia hewa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Argentina nayo ilikosa meli za kubeba nafaka yake, ikaihifadhi chini ya ardhi. Na jirani zetu Kenya, baadaye, walijenga Nakuru na Kitale maghala ya zege ambayo nusu yako ardhini na juu yana paa la duara, mtindo uliotangulia kujengwa Cyprus. Mahindi ya akiba ya njaa yaliweza kukaa humo kwa miaka.

Sasa tuje kwenye gesi, na hapa historia inachukua njia ya giza. Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini ikapeperuka hadi kwenye mahandaki ya adui. Mwanasayansi aliyesimamia kazi hiyo aliitwa Fritz Haber. Katika kupima sumu za gesi, Haber aliweka kanuni rahisi: zidisha wingi wa gesi kwa muda, na jibu likilingana, madhara yanalingana. Gesi ya kipimo 2 kwa saa 10 ni sawa na gesi ya kipimo 1 kwa saa 20. Kanuni hii ya vitani ikahamia kwenye maghala, na wafukizaji wakaitumia kama mpishi anavyotumia kibaba. Ukitaka kumaliza haraka, ongeza gesi.

Kampuni ya Degesch, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919 kwa kazi ya kuua wadudu, ilieneza ufukizaji wa gesi ya sianidi. Gesi ya namna hiyo, kwa jina la Zyklon B, ndiyo Wanazi waliyoitumia baadaye kuua binadamu huko Auschwitz. Nalitaja jambo hili kwa sababu nitarudi kwake kabla sijamaliza: gesi haichagui kati ya mdudu na mtu.

Katika miaka ya 1930 Wajerumani hao hao walileta njia nyepesi zaidi, vidonge vya alumini fosfaidi. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Hakuna mitambo, hakuna mitungi. Mtu na visahani vyake anaweza kufukiza ghala zima. Na gesi yenyewe uzito wake unakaribia ule wa hewa, kwa hiyo husambaa kila mahali, hupenya kati ya punje na hata ndani ya punje. Vidonge vikaenea dunia nzima. Ndivyo hivyo vya kijivu nilivyoviona kwenye ghala la mjomba.

Lakini fosfini ina tabia mbili ambazo kanuni ya Haber haikuzijua. Ya kwanza, mdudu akipigwa na gesi nyingi kwa ghafla, huzimia. Anapunguza kupumua na kazi zote za mwili, na katika kuzimia huko sumu humwingia kidogo kidogo. Ukiondoa turubai mapema, anazinduka na kuendelea na maisha. Ya pili, mayai na wadudu walio katika hali ya pupa huivumilia fosfini kuliko wale wanaotembea. Dawa ya yai ni kulisubiri. Likianguliwa na kuwa funza wakati gesi bado ipo, funza hufa. Likianguliwa wakati gesi imekwisha, umefanya kazi bure. Ndiyo sababu katika nchi ya joto kama yetu ushauri wa wataalamu ni kufunika siku 7 kamili nafaka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 25, na siku 10 ikiwa kati ya nyuzi 15 na 25. Chini ya hapo, hawashauri kabisa kuitumia.

Kwa hiyo kwa fosfini, siku ni muhimu kuliko wingi. Hapa naomba msomaji achukue kalamu, tufanye hesabu ambayo mjomba aliihisi bila kuiandika.

Tuseme ghala au turubai linavuja kiasi kwamba kila siku nusu ya gesi iliyomo inatoroka. Umeanza na gesi ya kipimo 100. Kesho zimebaki 50. Keshokutwa 25. Siku ya tatu 12 na kidogo, ya nne 6, ya tano 3, ya sita 1 na nusu, ya saba haifiki hata 1. Mayai yanaanguliwa, gesi haipo. Sasa tii amri ya mkubwa: weka mara mbili. Unaanza na 200. Kesho zimebaki 100. Yaani kesho uko pale pale ulipokuwa jana kabla ya kuongeza! Fedha za vidonge maradufu zimekununulia siku moja tu. Ukiweka mara nne, umenunua siku mbili.

Sasa fanya kinyume. Baki na kipimo chako cha 100, lakini ziba matundu mpaka gesi ichukue siku 7 kupungua nusu. Siku ya saba bado una 50. Turubai zima na mifuko ya mchanga ya kutosha vimefanya kazi ambayo vidonge mara 60 visingeifanya.

Hesabu yangu ni ya ubao wa shule. Kweli vidonge hutoa gesi kwa siku kadhaa, si kwa mara moja, na ghala halivuji sawasawa mchana na usiku. Ni hapo ambapo wanasayansi walileta kompyuta. Waaustralia, ambao nchi yao huishi kwa kuuza ngano nje, ndio waliotangulia mbali katika kazi hii, hasa maabara ya nafaka ya shirika la CSIRO kule Canberra. Wanaligawa ghala, ndani ya kompyuta, katika vijichumba vingi. Katika kila kijichumba wanahesabu joto, unyevu, gesi na wadudu, na jinsi kila kimoja kinavyosukuma jirani yake. Kisha wanapiga jua, wanaleta usiku, wanavumisha upepo, na kutazama kinachotokea, pasipo kupoteza punje hata moja.

Hesabu hizo, pamoja na vipimo vya maghala yenyewe, zinatueleza mambo ambayo macho hayaoni. Jua na upepo ni pampu. Mchana silo hupata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka pamoja na gesi. Usiku hupoa, hewa safi huingia. Lile turubai nililoliona likipanda na kushuka lilikuwa linapumua kweli, na kila pumzi ilitoka na dawa. Pia nafaka yenyewe hunywa sehemu ya gesi. Na moyo wa lundo kubwa hukaa na joto lake kwa miezi, kwa maana nafaka haipitishi joto upesi, wakati ngozi ya lundo hubadilika na hali ya hewa. Tofauti hiyo ya joto huendesha hewa polepole ndani ya nafaka, huchukua unyevu kutoka mahali penye joto na kuuacha penye ubaridi, mara nyingi juu kabisa, chini ya paa la chuma. Ukiona nafaka ya juu imeota ukungu na paa halivuji, usimlaumu fundi bati. Maji yametoka ndani ya nafaka.

Kwa elimu hiyo, katika miaka ya 1980 Waaustralia wa magharibi waliamua kuziba maghala yao makubwa mpaka yashike gesi. Wana na kipimo ambacho hakihitaji shahada: unasukuma hewa kidogo ndani ya silo iliyofungwa, kisha unatazama mafuta katika mrija wenye umbo la herufi U. Kwa silo mpya, shinikizo lisipungue hadi nusu kabla ya dakika 5. Likipungua mapema, kuna tundu. Tafuta, ziba, pima tena. Kidonge hakiwekwi mpaka ghala lifaulu mtihani.

Kwa nini wamekuwa wakali hivyo? Kwa sababu ya ile sentensi ya mjomba. Mwaka 1972 na 1973 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliendesha uchunguzi wa dunia nzima wa wadudu wa nafaka. Takriban asilimia 10 ya makundi ya wadudu waliopimwa yalionyesha usugu dhidi ya fosfini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikwenda Bangladesh, ambako wadudu walikuwa hawafi tena katika maghala ya chakula. Walichokuta ni maghala yanayovuja, yanayofukizwa mara kwa mara, haraka haraka. Kila ufukizaji uliwaua wadhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane. Mwaka 2012 wanasayansi wa Australia walitangaza katika jarida la Science kwamba wameiona hata jeni inayowapa wadudu usugu huo. Mjomba alisema tunawafundisha. Wataalamu wangesema tunawachagua. Matokeo ni yale yale.

Mtu atauliza: basi si tubadili gesi? Ilikuwepo nyingine, methili bromaidi, iliyoua kwa saa badala ya siku. Lakini inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Chini ya Mkataba wa Montreal, nchi tajiri ziliacha matumizi yake ya kawaida mwaka 2005 na nchi zinazoendelea mwaka 2015, ikibaki hasa kwa shehena za karantini na za kabla ya kusafirishwa. Kwa ghala la kawaida, fosfini ndiyo iliyobaki. Tukiiharibu kwa uzembe, hatuna nyingine ya bei hiyo na wepesi huo dukani.

Turudi kwetu. Miaka ya karibuni nchi yetu imejenga vihenge vya kisasa vya chuma kwa mkopo kutoka Poland, huko Babati, Makambako na kwingineko, kwa ajili ya akiba ya taifa. Ni hatua ya kujivunia. Lakini kihenge cha chuma ni chombo cha hesabu. Joto lake lisiposomwa, milango yake isipojaribiwa, kinakuwa sufuria kubwa tu. Na wakulima wadogo nao wamerudishiwa elimu ya Malta kwa sura mpya, ile mifuko ya tabaka tatu ambayo wengi wanaijua kwa jina la kinga njaa. Imetokana na kazi iliyoanza kwa kunde za Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Haina dawa. Inafunga tu, na mdudu anajimaliza.

Hapa nina maonyo mawili. La kwanza, kufunga na kufukiza haviponyi nafaka mbichi. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13 na nusu. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi. Gesi inaua mdudu, haiondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia.

La pili ndilo lililonifanya nitaje historia ya Zyklon. Vidonge hivi vimezagaa. Kuna watu wananunua viwili vitatu, wanatumbukiza kwenye gunia, na gunia wanaliweka chumbani wanakolala watoto, kwa kuogopa wezi. Ndugu zangu, fosfini hupita chini ya mlango na katika ufa wa ukuta. Harufu yake, kama ya kitunguu saumu au kabaidi, wakati mwingine haisikiki kabisa hata kama gesi ipo. Familia inaweza kulala isiamke. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, wenye vifaa, na katika jengo ambalo halali mtu. Mwenye magunia mawili nyumbani anunue mfuko wa kufunga.

Yule mwenye duka sikununua mahindi yake, lakini nilikaa naye kwenye benchi tukazungumza. Nilimuuliza alifunika kwa siku ngapi. Akasema siku mbili, maana mteja alikuwa anasubiri. Nikamuuliza turubai likoje. Akacheka. "Turubai ni la zamani, kaka, limechanika chanika. Lakini dawa ilikuwa mpya."

Nikamchorea ile hesabu ya 100 na 200 juu ya kipande cha boksi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita kijana wake, akamtuma kuulizia bei ya turubai zima. Alipotajiwa akaguna. Nikamwomba alinganishe na bei ya lile gunia lililogeuka unga mbele yetu. Hakunijibu, lakini kile kipande cha boksi alikichomeka ukutani, juu ya mizani.

Sisi tunaonunua tuna sehemu yetu. Tunataka mahindi leo, tunataka bei ya chini, na malori yale yaliyokuwa yakipiga honi mbele ya ghala la mjomba yalikuwa yanatuletea sisi wa mjini. Siku nne zilizokatwa ili tusisubiri ndizo zilizowalea wadudu tunaowakuta kwenye magunia leo. Safari ijayo ukiambiwa dawa imewekwa, usiulize ni vidonge vingapi. Uliza palifunikwa siku ngapi, na pamezibwa vipi.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.